Siku Tuliyokwenda Diepsloot Bila Msiba

Kitabu nilikikuta ndani ya boksi la vitabu vya sheria, katika nyumba moja ya Bezuidenhout Valley ambayo mwenyewe alikuwa amefariki na watoto wake walitaka vyumba viwe wazi upesi. Wakati huo nilikuwa nauza vitabu vya mitumba kando ya barabara Braamfontein, karibu na geti la chuo kikuu. Vitabu vya sheria wanafunzi hununua hata vikiwa vimepitwa na wakati, kwa hiyo nilibeba boksi zima bila kulikagua. Nilipolifungua chumbani kwangu Troyeville, katikati ya sheria za mikataba nikakuta maisha ya mtu mmoja, mwanasheria na mwanasiasa wa Kimarekani wa karne ya kumi na tisa.

Nikimsimulia, watu hudhani nasema yule rais mwenye ndevu aliyepigwa risasi. Siye. Huyu alikuwa mtu wa mji mdogo ambaye hata Wamarekani wenyewe, nadhani, wamemsahau. Jina lake silitaji, kama nisivyotaja la mtu yeyote humu.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne cha Tanga, na kitabu kile kilikuwa na sentensi zinazokwenda mpaka unasahau zilikoanzia. Nilikisoma majira yote ya baridi ya mwaka 2017, nimekaa juani barabarani, miguu ndani ya blanketi, bidhaa yangu imetandazwa mbele. Mara kadhaa mwanafunzi aliniuliza bei yake. Nilimwambia hakiuzwi.

Alizaliwa mashariki mwa nchi yao, kwenye shamba lenye mawe mengi kuliko udongo. Shule alikwenda wakati wa baridi tu, kwa sababu kiangazi alihitajika shambani. Chuo cha sheria hakukiona. Kwa wakati ule kijana aliyetaka uwakili alikwenda ofisini kwa wakili mzee, akamfagilia, akamwashia moto, akamnakilia barua kwa mkono, na jioni akaruhusiwa kusoma vitabu vya mwenye ofisi. Alipoona yuko tayari alikwenda kwa jaji, jaji akamuuliza maswali kwa mdomo, na akitosheka anamwambia basi, wewe sasa ni wakili. Huyu wangu alipofaulu maswali hayo, akapanda meli ya mtoni kuelekea magharibi na vitabu viwili. Akashuka kwenye mji ambao barabara zake zilikuwa tope, akatundika kibao chake mlangoni. Mji huo haukumfaa, akahama. Wa pili nao akahama. Wa tatu akakaa.

Hapo ndipo aliponishika. Mimi nilitoka Tanga kijana, nikapita Mombasa, Lilongwe, Tete, Durban, na kila mji niliuacha siku ulipoanza kunizoea. Nikiwa Lilongwe nilikumbuka Mombasa, nikifika Durban nikakumbuka Lilongwe. Sasa nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini na kwa mara ya kwanza nilitaka kubaki mahali. Nilijijua, hata hivyo. Kutaka peke yake kusingenizuia. Nilihitaji kitu cha kunishika, na nilidhani kitu hicho ni cheo.

Mwaka huo chama chetu cha kuzikana kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Ni chama cha watu wa Kiswahili: Wakongo wengi, Watanzania, Warundi, Wakenya wachache, Wakristo na Waislamu. Akifa mmoja wetu, chama ndicho kinachomzika au kumsafirisha kwao. Nilijiandikisha kugombea. Aliyegombea nami alikuwa fundi cherehani Mkongo wa Bukavu, mwenye duka la kushonea mtaani kwetu, ambaye watoto wake walizaliwa hapa na kumjibu kwa Kizulu. Hakunitukana hata siku moja. Kila mahali alisema neno moja tu juu yangu, kwamba mimi ni mtu wa kupita.

Lilinifuata hadi chumbani. Nikarudi kitabuni, nikasoma tena sura ya uchaguzi wa kwanza wa yule mwanasheria.

Kule, wagombea wawili walizunguka pamoja. Walipanda gari moja la farasi, wakafika kijijini, leo huyu akaanza kuhutubia, kesho yule. Mchana waliraruana mbele za watu, usiku wakala meza moja, na nyumba ya wageni ikiwa na kitanda kimoja wakalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Hata mahakamani ilikuwa hivyo: jaji na mawakili wakisafiri kundi moja kutoka mahakama hadi mahakama, wakipingana kutwa na kuchekeshana jioni. Hakuna aliyemsema mwenzake nyuma ya mgongo, maana mgongo wenyewe ulikuwa pale pale umeegemea wa kwake.

Nikaenda dukani kwa fundi.

"Jumapili twende Diepsloot wote wawili, kwa gari lako," nilimwambia. "Kule kuna wanachama wengi na hawaji mikutanoni. Wewe useme, mimi niseme. Uniite mtu wa kupita nikiwa nimekaa hapo hapo."

Alitoa pini mdomoni. "Na mafuta?"

"Nusu kwa nusu."

"Bon. Lakini weye utakaa mbele na mimi, si nyuma. Wasiseme nimebeba mzigo."

Jumapili alikuja amevaa suti nyeusi aliyojishonea mwenyewe, na mimi nikavaa koti la kuazima. Njia ya Diepsloot, nje kabisa ya mji, ni ndefu, ina roboti nyingi, yaani taa za barabarani, na kila zilipotusimamisha nilimsimulia habari za mwanasheria. Fundi alisikiliza kama anavyopima kitambaa, akitafuta pa kukatia.

"Ile inchi alienda kutafuta maisha," aliuliza, "wenyeji yao walikuwa wapi?"

"Walifukuzwa. Kitabu kimewataja mara moja tu, tena kwa haraka."

"Unaona sasa. Yeye alikuta bantu wamefukuzwa, akaitwa mwenyeji. Sisi hatufukuze mutu na kila siku tunaulizwa tutarudi lini." Alibadili gia. "Sema mambo yake ingine. Alikuwa na bibi?"

"Wawili. Wa kwanza alikufa."

"Na weye?"

"Angalia barabara, fundi."

Diepsloot tulisimama kwa mama mmoja wa Kigoma mwenye spaza, duka dogo la bati la mkate, mafuta ya taa na vocha. Yeye ndiye aliyekuwa akiwajulisha wanachama wa huko habari za chama. Alikuwa anamhesabia mteja mayai. Alituona tunashuka, fundi na suti yake nyeusi, mimi na koti langu, akayaweka mayai chini. Hakutusalimu. Alivuta kanga mabegani akajifunika kichwa, akashusha shata ya duka, akapaza sauti uani kwa jirani yake. Hatujafika mlangoni mwanamke mmoja ameshaanza kulia. Mkeka ukaletwa. Kinyozi wa ng'ambo ya njia akazima mashine yake na kuja, na mteja wake akamfuata, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Ndipo nilipokumbuka. Chama kilikuwa na desturi: msiba haupelekwi kwa simu, na hapeleki mtu mmoja. Hutumwa wawili, ikiwezekana Mkristo na Mwislamu, kwa gari, ili familia isilie mbele ya mtu asiyejua dini yao. Mimi Mwislamu na fundi Mkristo, katika akili zetu zote za uchaguzi, hatukuliwaza hilo.

"Nani?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni wa huko kwenu au wa huku kwetu?"

Fundi alivua kofia, jambo ambalo lilizidisha kilio. "Hakuna mutu alikufa, mama."

"Niambie tu, fundi. Nimeshakaa."

"Hakuna. Mungu ni shahidi. Tumekuja kuwasalimia."

Yule mwanamke aliyekuwa akilia alijifuta uso, akatuangalia kama tumemwibia kitu. Mteja wa kinyozi alijishika kichwa.

"Hakuna?" alisema. "Na mimi nimeacha nusu ya kichwa kule."

Walicheka, kwanza mmoja, kisha wote, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Mama wa Kigoma ndiye hakucheka.

"Tangu niingie chama hiki," alisema, "gari lenu likifika hapa lina maiti. Sijawahi kuliona lina kitu kingine. Leo limeleta nini?"

"Kura," nilisema. "Tunaomba kura."

"Kura." Alishusha kanga kutoka kichwani. "Haya, ongeeni. Duka nimeshafunga."

Fundi alianza, kwa kuwa ndivyo tulivyopatana. Alisema vizuri. Alitaja misiba aliyosimamia, mortuari anazozijua, watu waliomwamini. Kisha akanigeukia, akanyoosha mkono kunielekea, bila chuki.

"Ndugu yangu huyu iko muzuri. Anasoma, anasema vizuri. Lakini ni mutu wa kupita. Mwezi kesho unaweza kusikia iko Botswana."

Ubaya ni kwamba ilikuwa kweli. Rafiki yangu wa Gaborone alikuwa ameniandikia wiki ile ile kwamba kuna kazi ya stoo, na begi langu sikuwahi kulitoa chini ya kitanda. Nilisimama nikiwa na hotuba niliyoikariri juu ya uwazi na maendeleo, na yote ikanitoka kichwani. Nikawasimulia habari za mwanasheria. Nikawaambia kuhusu shamba la mawe, ofisi aliyoifagia, meli, miji miwili aliyoihama, na jinsi mpinzani wake, mbele ya watu, alivyomwambia kwamba mgeni aliyefika juzi hawezi kuwasemea wenyeji.

"Akamjibu nini?" mama wa Kigoma aliuliza.

"Hakuwa na jibu. Kitabu kinasema alikaa chini."

"Sasa umetuletea mtu asiyekuwa na jibu?"

"Na mimi sina," nilisema. "Ila nitafanya hivi. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi nitakuja hapa. Bila maiti. Mkinichagua nitakuja, msiponichagua nitakuja."

"Hilo la msiponichagua liache," alisema. "Mwanaume akiwa na hamu husema hata ataosha vyombo." Wanawake wakacheka. "Na mwanasheria wako? Kura alizipata?"

"Siku nyingine nitakumalizia."

Tuliporudi, fundi alingoja hadi roboti ya kwanza itusimamishe.

"Pale umenishinda," alisema. "Lakini Troyeville nitakushona mpaka mdomo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Uchaguzi ulifanyika katika darasa la shule tuliyoazima, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Wa Diepsloot wengi hawakuja, nauli na Jumapili ya biashara havikuwaruhusu. Nilishindwa, wala si kwa kura chache. Fundi alinishika mkono akaushikilia.

"Weye sasa utaenda Botswana," alisema, na hakuwa anatania.

Nilirudi chumbani, nikavuta begi, nikaliweka juu ya kitanda. Miji yote niliyoiacha niliiacha hivyo, baada ya kukataliwa jambo moja. Nilikunja mashati. Kitabu kilikuwa dirishani, nikakichukua nikitie begini, lakini nikakifungua sura za mwisho, ambazo nilikuwa nimezisoma haraka haraka kwa sababu hazikuwa na ushindi.

Bungeni alikwenda, huko makao makuu ya nchi yao, kipindi kimoja. Alipiga kura dhidi ya kupeleka utumwa kwenye majimbo mapya, watu wa kwao wakamkasirikia, hawakumrudisha. Alishuka kutoka gari la abiria mbele ya ofisi yake, na mwandishi, ambaye amemaliza kurasa nzima kwa hotuba, hapo ameandika sentensi fupi: akarudi kwenye uwakili. Alitetea watu wa mipaka ya mashamba na ng'ombe waliopotea. Aligombea tena akashindwa tena. Alizeeka pale pale. Yule mpinzani wake wa kwanza, aliyemwita mgeni, alipofariki, familia ilimwita yeye ashughulikie urithi. Amezikwa kwenye mji ule wa tatu.

Nilirudisha mashati msumarini. Begi nikampa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda Musina, na nikamwambia asilirudishe. Rafiki wa Gaborone nilimpigia nikamshukuru.

Jumapili ya kwanza ya mwezi nilipanda teksi peke yangu. Diepsloot palinuka moshi wa makaa, upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu. Mama wa Kigoma aliniona kutoka mbali, na mkono wake ukaenda kwenye kanga.

"Hakuna," nilimwahi. "Hakuna aliyekufa."

Mkono ulibaki pale pale kidogo, kisha ukashuka. "Nilisikia umeshindwa."

"Nimeshindwa, ndiyo."

"Basi umefuata nini?"

"Nilisema nitakuja."

Mteja alitaka vocha, akamhudumia. Halafu akachukua kreti tupu la soda, akaligeuza, akalifuta vumbi kwa upande wa mkono, akalisukuma hadi mguuni kwangu. Akamwita kinyozi wa ng'ambo aje, na kinyozi akaja na mteja wake, safari hii amekwisha kunyolewa.

"Kaa," mama alisema. "Yule mwanasheria wako. Tulimwacha amekaa chini, watu wanamtazama. Ikawaje?"

Nikakaa, nikaanzia hapo.