Babu Yangu Ndani ya Kabati la Kioo

Asubuhi moja niliripoti kazini nikamkuta babu yangu mapokezi, ndani ya kabati la kioo, katikati ya vinyago vya twiga.

Alikuwa amekufa kabla sijazaliwa.

Tulieni niwaeleze.

Mwaka wa 1983 nilitoka chuo kikuu, nikaajiriwa kuwa afisa wa uhusiano katika hoteli moja ya watalii hapa Voi. Kazi yangu ilikuwa hasa mtu mmoja: Bwana Keller, wakala Mjerumani aliyetuletea karibu wageni wote. Akihama, tunafunga.

Meneja wetu, Bwana Solomon, aliniita.

"Tryphena, kandarasi ya Keller inaisha. Wenzetu wanamvuta kwa bei. Sisi bei hatuna. Wewe una nini?"

"Urafiki, bwana."

Akacheka. "Urafiki haulipi stima. Haya, jaribu."

Nilijaribu kwa moyo wangu wote. Nilijua anakunywa kahawa bila sukari. Nilijua mamake ni mgonjwa, nikawa namwulizia hali kila alipotua. Kisha nikampeleka kwetu Chawia, juu kwenye milima ya Taita.

Baba yangu, Mzee Nehemiah, alimpenda papo hapo. Kiswahili cha Keller kilikuwa cha kuokoteza, lakini walikula kimanga, mihogo na maharage yaliyopondwa, sahani moja na kucheka kama shemeji. Halafu baba akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgeni. Alimpeleka pangoni.

Kwetu Taita, kabla ya kanisa kuingia, mzee alizikwa, na baadaye fuvu lake likafukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na wenzake wa ukoo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini pale hakuacha kwenda kufagia kila mwaka.

"Huyu ndiye baba yangu," alimwambia Keller. "Sasa wewe ni wa nyumbani."

Keller alivua kofia. Machozi yalimlenga.

Wiki hiyo akatia sahihi. Mimi nikapandishwa cheo.

Na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya kabati. Chini ya fuvu palikuwa na kadi: *Mzee wa Kitaita. Zawadi ya rafiki.*

"Keller alirudi huko milimani peke yake," Solomon alisema, uso ukimng'aa. "Wageni wanapiga picha mpaka filamu zinaisha."

"Bwana, huyo ni babu yangu."

"Afadhali. Utawaeleza vizuri kuliko mtu mwingine."

"Naomba nimrudishe."

"Mrudishe, halafu pitia jikoni uwaambie wapishi hawana kazi."

Basi nikawaeleza wageni. Nilitabasamu. Mama mmoja aliniomba nisogee karibu na kioo, picha itoke vizuri.

Siku niliyoshindwa kutabasamu, nilifungua kabati, nikamfunga babu ndani ya leso yangu, nikaondoka bila kuaga.

Baba alimpokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole juu ya jicho la kushoto, mahali babu alipobonyea alipoanguka mwambani ujanani. Akapitisha tena.

"Mwanangu, huyu si baba."

"Kwani ni nani?"

"Sijui. Si wetu."

Tulikwenda pangoni. Nafasi ya babu ilikuwa tupu.

Nilirudi Voi mbio. Keller alikuwa verandani na kahawa yake.

"Yule wa kabati? Nilimtoa pango jingine," alisema kwa upole. "Babu yako singeweza kumweka hotelini, Tryphena. Wewe ni rafiki. Yuko kwangu Ujerumani, karibu na kitanda cha mama. Kila asubuhi mama anamwulizia hali, kama wewe unavyomwulizia yeye."

Akanipapasa mkono.

"Nimeongeza kandarasi. Miaka kumi."

Bado naamini mteja hudumu mahali anapojulikana. Mjue, mwulizie wazazi wake, mwambie ukweli hata ukiuma. Lakini kwenu si mali ya kampuni. Usiyaweke ya kwenu mezani kumridhisha mtu, hata akilia mbele yako.

Baba alizunguka na lile fuvu nyumba kwa nyumba, kutoka Chawia mpaka Wusi. Hakuna aliyemtambua. Mwishowe akamweka kwenye nafasi ya babu, na mpaka anakufa alikuwa akifagia kumzunguka mtu asiyemjua, akiomba kule Ujerumani kuwe na mtu anayefagia.