Nukta Nyekundu ya Bi Tausi

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga herufi. Nasema kumwaga kwa sababu zamani zile herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi, kila kimoja kidogo kama jino la mtoto, na zilikaa kwenye sanduku la mbao lenye vyumba vingi, a chumba chake, b chumba chake. Nilijikwaa na sanduku zima, zikatapakaa sakafuni. Fundi Mkuu, msimamizi wa chumba chetu, hakunigombeza.

"Haya, Nandonde," alisema. "Ukimaliza kuzirudisha zote utakuwa umeshazijua."

Nilipiga magoti siku tatu.

Kile kilikuwa kiwanda cha uchapaji, Chang'ombe, jirani na Keko nilikopanga chumba. Azimio lilikuwa bado bichi, na sisi vijana tuliotoka Newala tuliona mji mzima unatungoja sisi. Ninyi mnaoniuliza nilivyokuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi mnadhani nilikaa mezani siku moja nikaanza kuua watu. Sivyo. Nilianza kwa kupanga maneno ya wenzangu, herufi moja moja, nikiyasoma miguu juu kichwa chini.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa chumba cha prufu, ile karatasi ya majaribio inayochapwa kabla ya kitabu ili makosa yaonekane. Kazi ile ilitaka watu wawili. Mmoja, mshika nakala, anasoma kwa sauti kile alichoandika mwandishi, hata alama asiiruke. Wa pili anafuata kwenye prufu na penseli nyekundu mkononi. Mimi nilikuwa mshika nakala wa Bi Tausi. Basi kutwa nzima ungenisikia: "Akachomoa kisu, mkato, akamtazama, nukta." Wageni walidhani tumerukwa na akili.

Bi Tausi alikuwa mama wa Kilwa, mfupi, miwani yake imefungwa uzi sikioni, na kicheko chake kilikuwa adimu kuliko sukari. Alikuwa na mazoea yake. Akipewa hadithi ya mauaji, pale alipomgundua muuaji alitia nukta nyekundu pembeni mwa ukurasa, nene kama punje ya mtama. Sikuwahi kumwona akikosea.

Nikaanza kuandika yangu, saa ya chakula, kwa mashine ya chapa ya ofisi, wenzangu wakiwa kwa mama ntilie. Riwaya ya kwanza ilipokamilika niliipeleka kwa Meneja. Alikuwa mtu wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Upanga, na Kiswahili alitushinda wengi. Hata hakuifungua.

"Karatasi ni za vitabu vya shule, Nandonde. Za hadithi ni mabaki tu. Mpe Bi Tausi. Akishindwa kumjua muuaji kabla ya sura ya mwisho, nachapa. Akimjua, basi. Nakupa mara tatu."

"Na ya nne, bwana Meneja?"

"Ya nne hakuna. Na balozi wa nyumba kumi asiuawe humo. Chama kitatuuliza."

Ya kwanza ilirudi baada ya siku mbili, nukta iko sura ya tatu.

"Karani wa bohari," alisema Bi Tausi. "Kila mtu humu umempa kasoro. Yeye peke yake umemsifia mpaka unatia shaka."

Ya pili niliiandika mwaka mzima, nikampa kila mtu kasoro. Nukta ikawa sura ya pili.

"Mjane mwenyewe. Mie nimefiwa, Nandonde. Siku ile hata kanga sikujua nimeifunga vipi. Huyu wako anakumbuka kurudi kufunga stoo?"

Siwafichi, nililia chooni. Ilibaki moja, na nilishawaandikia nyumbani kuwa mimi ni mwandishi.

Kwa kitabu cha tatu niliacha kutafuta ujanja. Jumapili nilikuwa nakaa kwa mafundi wa samani pale Keko, kando ya barabara, natazama wanavyopiga randa. Nikaandika habari za fundi seremala mmoja mpole, ambaye kabati lake linapelekwa kwa mteja na ndani kuna maiti. Muuaji ni fundi mwenyewe. Nilimpa mikono ya marehemu baba yangu, na kile kikohozi chake cha vumbi la mbao. Niliwaza mno juu yake hata nikasahau kumficha.

Bi Tausi alikaa nacho wiki nzima. Siku ya Ijumaa aliingia kwa Meneja, nami nikaitwa.

"Umemjua?" Meneja aliuliza.

Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio. "Sikumjua."

Meneja alinishika mkono. Mimi nilitoka mbio mpaka uani nikaruka kama mwendawazimu.

Kitabu kikachapwa. Nakala niliyompa Bi Tausi haikurudi mikononi mwangu hata wakati wa prufu, maana desturi ya kiwanda ni kwamba mwandishi hashiki nakala yake mwenyewe. Jicho lake litasoma alichokusudia, si alichoandika. Baada ya hicho vilifuata vingine saba. Na katika maisha yangu yote, kwenye harusi, kwenye semina, mbele ya wanafunzi, nilijitambulisha hivi: mimi ndiye niliyemshinda Bi Tausi.

Nilipostaafu, kiwanda nacho kilikuwa kinakata roho. Mashine ziliuzwa vyuma chakavu. Karani wa kabati la nakala alinikabidhi faili langu la zamani, lenye nakala ile ya kitabu cha fundi seremala, nikalifungulia kibarazani kwangu, naona raha. Ukurasa wa thelathini na mbili, pembeni, palikuwa na nukta nyekundu.

Niliona aibu, kisha hasira. Kesho yake nilikwenda Kiwalani, anakoishi Bi Tausi na bintiye. Macho yake hayaoni tena.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba. Sauti ya mshika nakala wangu hiyo."

Sikuzunguka. "Ukurasa wa thelathini na mbili."

Alicheka. "Lile vumbi la mbao ya mninga kwenye mfuko wa marehemu. Ungewezaje kunificha?"

"Ulimwambia Meneja hujui! Nimejisifu uongo miaka yote hii."

"Meneja aliuliza swali bovu, na ningemjibu ukweli kitabu kingekufa. Sikiliza, mwanangu. Vile viwili vya mwanzo, nilipomjua muuaji nilifunga faili nikaenda kupika. Hiki nilimjua mapema, na wali ukaniungulia. Nilikuwa namwombea yule fundi asikamatwe."

Kazi yangu yote nilidhani ni kuficha.

"Umekuja nacho?" aliuliza.

"Ninacho, ndani ya faili."

"Basi soma. Mie siku hizi nasomewa."

Nikaanza, na mazoea hayana tiba, mkato na nukta zote nikazitaja. Akaitikia kwa kichwa kila alama. Nilipofika ukurasa wa thelathini na mbili, nikaiona nukta yake, nikaacha kusoma, nikaigusa kwa kidole.

"Mbona umenyamaza?" alisema Bi Tausi. "Endelea."