Kuku wa Mama na Chupa ya Chanjo

Kuku wa mama yangu hawakuwa na sura ya kupendeza, na sitawapamba leo kwa sababu tu yeye hayupo. Walikuwa wa shingo tupu, wale wasioota manyoya kuanzia shingoni hadi kifuani, wembamba, wakali, wenye mbio za ajabu. Mama aliniletea matetea wawili na jogoo kutoka Kitui, ndani ya katoni iliyotobolewa matundu, nilipopata nyumba hapa Eastlands. Nilikuwa karani wa ghala Industrial Area na sikuona haja ya kuku. Akaniuliza mgeni akija nitampa nini, karatasi za ofisini?

Nikawaweka nyuma ya jikoni. Wakazaa, na waliozaliwa wakazaa, na kila Mama alipopiga simu aliuliza habari za kuku kwanza, za watoto baadaye. Sikuwahi kuchanganya mbegu ile na nyingine.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunasimama kwenye ua wa mabati, wafugaji wa safu yetu, tukibishana kuhusu kuku. Aliyenichokoza zaidi ni jirani yangu wa nyumba ya kwanza, mama kutoka magharibi anayefanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Yeye alifuga kienyeji wa kisasa, wale tunaowaita improved: wazito, wapole, wenye mayai makubwa. Alikuwa nao wengi kuliko sisi sote.

"Jirani," alikuwa akiniambia, "huyu wako anaumwa ama ndivyo alivyozaliwa?"

"Wako hawajui hata kuatamia," namjibu. "Wanataga na kuondoka kama wapangaji wenye haraka."

Hapo nilikuwa nampata. Akitaka vifaranga bila kununua ilibidi aniletee mayai niyaweke chini ya tetea wangu, na alipokuja kuwachukua alijifanya amesahau ni nani aliyewaangua. Dereva wa nyumba ya katikati, ambaye kuku wake ni mchanganyiko wa kila kitu, alikuwa akitucheka sote wawili.

Jambo moja tu hatukubishania, nalo ni chanjo ya kideri. Kideri kikiingia mtaani, kuku anahara kijani, shingo inapinda, na kufika jioni umebaki na banda. Chanjo yake inauzwa kwa chupa ya kuku wengi, na hakuna mmoja wetu mwenye kuku wa kumaliza chupa. Ukishaichanganya huwezi kuiweka hadi kesho. Ikipata joto imekufa. Kwa hiyo tulinunua chupa moja pamoja na kuchanja asubuhi moja, kila kuku tone moja jichoni, chupa ikikaa kwenye kopo la barafu. Tulianza nyumba ya kwanza, kwa yule mama, kwa kuwa kuku wake ni wengi na barafu ni yake. Kwangu ni mwisho wa safu, na kila mara nilimaliza matone ya mwisho nikiombea barafu.

Mama alifariki wiki ya chanjo. Nilifunga mzigo na familia yangu, nikampa yule jirani ufunguo wa nyuma na gunia la chakula cha kuku, nikaenda nyumbani Kitui. Chanjo haikunijia akilini hata mara moja. Baada ya mazishi nilikaa huko mwezi mzima, kuna mambo ya shamba yasiyoisha.

Niliporudi, nilisikia kabla ya kuona. Asubuhi ile hakuna jogoo aliyewika upande wa nyumba za kwanza. Dereva alinikuta getini akanipa pole ya msiba, kisha akanipa habari: kideri kilikuwa kimepita. Nilijua sikuchanja, na nilijua kwamba ile katoni ya Kitui haitaletwa tena na mtu yeyote.

Nikaenda nyuma ya jikoni karibu nikikimbia. Walikuwepo wote. Wanachakura, wanagombana, wabaya vilevile. Nikakaa chini kwenye kizingiti.

"Buda, hao kuku wako ni noma," dereva akasema nyuma yangu. "Tuliwakimbiza asubuhi nzima. Mmoja akapanda juu ya mabati, mama wa nyumba ya kwanza mwenyewe akaleta ngazi."

"Mlichanja wangu?"

"Tulianza na wako. Mimi nikamshow tuanze kwake vile tumezoea, akakataa. Akasema tuanze huku mwisho. Kufika kwangu barafu ilikuwa imebaki kidogo. Kufika kwake ilikuwa maji ya moto, mzee. Kuku wake wamebaki wawili."

Nilitembea hadi nyumba ya kwanza. Nilimkuta akisugua banda kwa maji ya dawa, kanga kiunoni. Aliponiona aliweka brashi chini, akanishika mkono na kunipa pole kwa utaratibu, akauliza mazishi yalikwendaje, nani alibaki na boma. Nilijibu yote. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuanza kwake.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Wangu ni wa kununua, jirani. Mwisho wa mwezi naingia duka la dawa za mifugo, natoka na vifaranga. Hao wa mama yako tungewanunua wapi?"

Kule nyumbani nilikuwa nimepokea pole za ukoo mzima na macho makavu, nimesimamia jeneza, nimesimamia sufuria, nimesindikiza wageni hadi barabarani. Watu walinisifu kwa kujikaza. Pale mlangoni, mbele ya banda karibu tupu la mwanamke ambaye si ndugu yangu, ndipo nilipomlilia mama yangu.