Kigelegele cha Bwana Seng'enge

Mtu yeyote wa Ilemela akikusimulia kifo cha Bwana Seng'enge, muulize kwanza alikuwa amesimama wapi. Wengi watababaika. Mimi sibabaiki. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nilikuwa na jiwe langu lenye kimo cha nyumba mbili zilizobebana, na asubuhi ile nilikuwa nimekaa juu yake wakati wenzangu wako darasani. Nimeona yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa macho haya. Shule yenyewe niliishia darasa la sita, lakini kwa kuona, hapakuwa na mtoto wa kunishinda ufukwe mzima.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa, kila mwenye pikapu na mzani akawa bwana mkubwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa yake. Bwana Seng'enge alikuwa wakala wa kununua sangara. Jina lake halisi tuliacha kulitumia tangu siku alipokuja na karatasi yenye mhuri, akazungushia ufukwe wetu seng'enge. Ndani ya uzio yakabaki yale mawe bapa ambayo mama yangu na wenzake walikuwa wakianikia dagaa, kama mama zao kabla yao. Siku hiyo hiyo vijana wake walifagia dagaa wa Mama kwa mafagio, wakawarudisha ziwani walikotoka. Mama alisimama na beseni tupu. Hakutukana. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya kanisa letu la bati, na sauti yake wavuvi waliisikia wakiwa bado majini.

Kina mama wakafunga na kuomba. Alhamisi tatu mfululizo walipiga magoti juu ya mchanga nje ya uzio, wakimwomba Mungu amwondoe Bwana Seng'enge. Amwondoe, ndilo neno walilotumia. Mama alikuja kulichambua sana baadaye, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Alhamisi ya tatu Bwana Seng'enge akataka kupasua jiwe kubwa lililokuwa jirani na langu, ajenge banda la mzani. Mawe ya kwetu hupasuliwa kwa moto: unapanga kuni na matairi juu yake, unachoma mpaka liive, kisha nyundo. Wazee walishasema jiwe lile lina wenyewe. Aliwacheka. Wenyewe walikuwa nyuki, wamejaa kwenye ufa tangu enzi. Moshi ulipoingia walitoka kama wingu jeusi. Vijana walikimbia. Yeye alikuwa mnene, tena na viatu vya mjini, akateleza chini ya jiwe langu. Akajivuta kuelekea ziwani, akaingia maji ya kiuno, na kila alipoinua kichwa kuvuta pumzi wakamfunika. Mara ya mwisho aliinua kichwa, akasema maneno yake, akazama.

Nilishuka nikakimbia kwa kina mama, waliokuwa wakisali mwisho wa uzio, nyuma ya mawe. Nilifika nikiwa sijaumwa hata na nyuki mmoja, nikasema, "Bwana Seng'enge amekufa. Nyuki."

Nilitegemea wanibebe juu juu. Wakanyamaza. Mama aliweka mkono kifuani akasema, "Maskini. Ana watoto wadogo yule."

Hapo ndipo nikawaeleza maneno yake ya mwisho. Kwamba alitazama kule walikokuwa wakisali, akasema, "Hata nikifa, dagaa wenu mtaanikia vichwani."

Mama akanitazama. "Alisema hivyo kweli, Maduhu?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu, Mama."

Mama Neema, jirani yetu, ndiye aliyeanza. "Kumbe mpaka kwenye kifo anatukejeli," akasema, akapiga kigelegele. Wa pili akadakia. Kisha Mama, ambaye kigelegele chake kilikuwa kama filimbi, akakiachia mpaka ndege wakaruka majini.

Kesho yake uzio ulikuwa chini na ubwabwa jikoni. Mwinjilisti wa kanisa letu alikuja kuona furaha ni ya nini. Akala sahani ya kwanza, akala ya pili, ndipo dhamiri ikamfikia.

"Kina mama," akasema akifuta midomo, "hizi nyimbo tunamwimbia Mungu au tunamwimbia maiti?"

"Tunamwimbia Mungu," akajibu Mama Neema. "Maiti akisikia, shauri yake."

Wakacheka, lakini Mama hakucheka. Niliona akisogeza sahani yake pembeni ikiwa haijaguswa.

Jioni hiyo bibi yangu, mama yake Mama, ambaye kanisani alikwenda Krismasi tu, alimwita uani. "Mwanangu, mmempigia mtu kigelegele hajafukiwa. Kigelegele cha namna hiyo hakina pa kwenda. Kitarudi kwenye koo kilikotoka, kikae humo."

"Mama, mimi ni mtu wa kanisa."

"Na koo lako nalo ni la kanisa?"

Jumamosi Bwana Seng'enge alizikwa, na kutoka kwaya hakwenda mtu mazikoni. Jumapili Mama akasimama mbele kuanzisha wimbo. Akafungua mdomo. Ikatoka hewa. Akakohoa, akajaribu tena, ikatoka sauti ya mlango mbovu. Kina mama walitazama sakafu, na Mama Neema akajishika koo lake.

Leo ninaweza kukuambia kwamba mtu aliyefunga wiki tatu, akavuta moshi wa matairi, kisha akapiga kelele siku nzima, lazima sauti imkatike. Najua. Lakini mimi ndimi niliyelala chumba kimoja naye, nikamsikia akisali kwa mnong'ono: "Nilisema umwondoe. Sikusema umuue. Lakini nilifurahi, Baba. Nilifurahi."

Bibi alisema dawa ni moja: kabla matanga hayajaisha, aende nyumbani kwa marehemu, apewe maji, ayatie mdomoni, ayapulize mlangoni na kusema hana neno naye. Mwinjilisti aliulizwa kama hiyo si dhambi. Akafikiri sana, akasema maji ni maji, asamehe tu. Jumatatu mchana Mama akaenda, akanichukua na mimi.

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, mwembamba, na mtoto mgongoni. Nilisema shikamoo kwa sauti ndogo, akaniitikia.

"Karibu, mayu," akamwambia Mama, kwa heshima ya Kisukuma, kama vile hajui lolote. Alijua. Vigelegele vyetu vilifika mpaka mlangoni kwake.

Mama akaomba maji. Mjane akamletea kikombe mwenyewe. Mama akayapuliza kizingitini, akanong'ona kwamba hana neno naye, wala na nyumba yake, kisha akapiga magoti, akashindwa kuendelea.

Mjane alimwacha alie. Halafu akasema, "Wanasema kijana wako ndiye aliyemwona wa mwisho. Nimekuwa nikijiuliza. Alisema nini?"

Mama akanigeukia. Nakumbuka kizingiti kile kilicholowa, na nzi mmoja aliyekuja kunywa. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Hakusema kitu," Mama akasema kwa ile sauti yake mbovu. "Mtoto anasema hakusema kitu."

Mjane akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mkeka.

Baada ya wiki mbili sauti ya Mama ilirudi, na Bibi alitembea kifua mbele mtaa mzima. Lakini Mama hakuanzisha wimbo tena. Alihamia safu ya nyuma. Kigelegele sikumsikia akipiga tena, hata nilipooa. Aliwahi kuniambia, nikiwa mtu mzima, kwamba kufurahi alishatubu, ila linalomkaba ni kumdanganya mjane kwenye msiba wake. "Lakini ningemwambiaje yale matusi, Maduhu? Nilimhurumia." Nikamwambia alifanya vizuri. Mwaka jana tumemzika, na wanakwaya waliimba vizuri sana.

Hadithi hii nimeisimulia Kigongo nikisubiri kivuko, nimeisimulia misibani, harusini, na kila mahali imenipatia angalau soda. Watu hupenda sana pale pa dagaa vichwani. Na yote ni kweli kama nilivyosema, jiwe, nyuki, maji ya kiuno, kikombe cha mjane. Kasoro hapo pa dagaa tu. Hapo nilitunga, kwa sababu kina mama walikuwa wamenyamaza na mimi nilikimbia mbali kuwaletea.

Aliponiona juu ya jiwe, uso wake ukiwa umeshavimba na jicho moja limefumba, aliinua mkono akaupunga kuelekea njiani. "Mtoto, shuka huko," alisema. "Kimbia, watakuuma."