Mkungu Niliompa Mlevi

Kosa lenyewe ni hili: nilimpa mlevi mkungu wa ndizi za pombe, nikamkabidhi kwa mikono miwili, na nikamwambia Mungu ambariki.

Kwa watu wa kwingine huenda ndizi ni ndizi tu. Kwetu, kwenye mteremko wa Meru, mtoto anayejifunza kutembea anajua kuwa mshare ni wa kupika, na kwamba zipo ndizi nyingine, nene, za kupendeza macho, ambazo ukizichemsha zinakukaba koo. Hizo kazi yake ni moja: zivundikwe, ziive, zichemshwe, zichanganywe na ulezi, ziwe mbege, pombe yetu. Mimi nilizaliwa katikati ya migomba hiyo. Lakini ndizi kwetu ni mambo ya wanawake. Sisi wanaume tunajidai na kahawa, na mimi hata kahawa niliifahamu zaidi ikiwa kikombeni. Ndizi zote nilizokula tangu utoto zilinifikia zikiwa zimekwisha menywa.

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi, jambo ambalo siku zile za Waingereza lilitosha kumfanya mtu atazamwe njiani. Nikapata kazi ya ukarani mjini Arusha. Sikudumu. Watu niliwaambia nimerudi kwa sababu mama anaumwa, na kweli alikuwa anaumwa. Sababu ya pili, ambayo mama aliijua akanistiri, ni kwamba sikuwa napata usingizi kwenye kitanda kisicho changu. Mama alipofariki nikabaki peke yangu katika nyumba yake, na kigoda changu mlangoni, na vitabu vyangu vichache, na sikuona kitu cha kunipeleka mbali kuliko mfereji wa maji.

Jirani yangu, mama mmoja mjane ambaye shamba lake linapakana na letu, aliniita "mzazi". Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi kadhaa, halimi, hachoti maji, analishwa tu mpaka anawiri. Mama yule alisema mimi ni mzazi wa ajabu, maana nimekaa ndani kuliko wote na mtoto haonekani.

Sasa huyo mlevi. Alikuwa mtu wa kwetu kabisa, ameondoka akiwa kijana kwenda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu mmoja chini ya mlima, upande wa Usa. Huko alikaa miaka mingi, akaizoea pombe, kisha pombe ikamzoea yeye. Kazi ilipomshinda, akatolewa hata kwenye kibanda alichokuwa analala, kwa sababu kibanda kilikuwa cha shamba. Akapanda mlima na blanketi moja na sufuria. Baba yake alikwisha kufa zamani. Ardhi ilikuwa mikononi mwa baba yake mdogo. Mlevi wetu akawa analala popote giza linapomkuta: leo kwenye zizi la ng'ombe wa huyu, kesho kwenye kibaraza cha kanisa. Ukimpa mahindi anakwenda kuyabadilisha na mbege. Ukimpa shati, hali kadhalika. Alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa kama mpini wa jembe.

Jumapili moja, baada ya ibada, watu wakakaa nje ya kanisa kulizungumza jambo lake. Mimi sikuwepo. Wimbo wa mwisho ukiisha mimi hushika njia ya nyumbani, na siku hiyo pia niliishika. Niliyoyajua nililetewa na mama jirani, akiwa amesimama upande wake wa mpaka. Walikuwa wamekubaliana kwamba kila nyumba itamchukua kwa zamu: ale hapo, kwenye mafiga ya nyumba hiyo, alale hapo. Asipewe kitu kibichi hata kimoja, maana kibichi kina miguu, hutembea mpaka kwa mpika pombe. Baba yake mdogo naye alikubali kumkatia kipande cha ardhi kando ya mfereji, na watu wamjengee nyumba kabla ya masika. Ila mzee yule aliweka neno lake mbele ya wazee wa kanisa. Alisema hatoi ardhi ili iuzwe kwa kibuyu. Siku atakayomwona mtoto wa kaka yake amelewa, ile miti ya kujengea ataifanya kuni, na asiulizwe.

Nilisikia vizuri, siwezi kusingizia masikio. Lakini zamu yangu ilipofika, nilianza kufikiri, na kufikiri ndiko kulikoniponza. Kwanza, upishi wangu haukuwa wa kumwonyesha mgeni. Pili, kumlaza mtu mwingine katika nyumba ile, akohoe, ajigeuze, aniulize ninasoma nini! Nikajiambia kwamba sahani moja ni kitu kidogo, ila mkungu mzima ni ukarimu, na kwamba agizo la kutompa kibichi walipewa watu wasioweza kupima mambo. Nikaenda nyuma ya nyumba na panga, nikaangusha mkungu ulionivutia kuliko yote.

Alipokuja jioni nilimkuta njiani kabla hajaingia uani. Aliutazama mkungu, akanitazama mimi, akautazama tena.

"Ndugu yangu," akasema polepole, "una hakika ni hizi?"

Nikamwambia achukue bila wasiwasi, nyumba hii haijapungukiwa. Ndipo nilipomtajia Mungu.

Mpika pombe naye hakuwa na kosa. Mtu amekuja kwake na mkungu mzuri begani, amesema amepewa na msomi wa pale juu. Aliupokea, akampimia mbege iliyokwisha kuwa tayari. Asubuhi waliokwenda kufungulia maji wakamkuta amelala kwenye mfereji, anakoroma, kichwa ukingoni, miguu ndani ya maji. Waliyemwita aje kumchukua alikuwa baba yake mdogo.

Habari iliingia kwangu kwa mdomo wa mama jirani. Hakubaki upande wake wa mpaka. Safari hii aliuvuka. Akaniuliza nilikata mgomba upi. Nikamwonyesha kisiki. Akakaa chini palepale kwenye majani makavu, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kitenge, na alipomaliza kucheka sura yake ikabadilika. Akaniambia kwamba mzee amekwisha anza kuipasua miti. Mvua zilikuwa zimekaribia, mawingu yalikuwa yanashuka kila alasiri mpaka kwenye kahawa. Mtu yule akirudi kulala nje masika nzima, na kifua chake kile kibovu, tutamzika kabla ya mavuno.

"Kata jani la sale," akasema. "Twende."

Sale ni mmea tunaoupanda mipakani. Jani lake ni kitu cha heshima: ukimpelekea mtu uliyemkosea, umejishusha mbele yake, na si rahisi kwake kukukatalia. Mimi nilikuwa nimeliona likipelekwa na wengine. Nikalikata, nikalifunga fundo kama nilivyoelekezwa, tukashuka. Watu walitoka kwenye migomba kutazama, si kwa sababu ya jani, bali kwa sababu nilikuwa natembea mchana siku ya kazi.

Mzee tulimkuta uani na shoka. Nikampa shikamoo, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili, nikaeleza. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njiani na yote yakanitoka. Nilisema tu kwamba mwanawe hakuiendea pombe. Mimi ndiye niliyempelekea, tena nikamtwika begani.

Mzee alilishika jani, akaligeuza. Kisha akaniuliza kama kweli kwenye shule ile ya Waingereza hawakutufundisha ndizi. Nikasema hawakutufundisha. Akatikisa kichwa, akaliweka shoka chini.

Alisema jani amelipokea, na mimi amenisamehe. Lakini mimi si mtoto wa kaka yake, na neno lake la mbele ya wazee liko palepale. Akitaka kulilegeza, nani atasimama kuwa mdhamini kwamba mtu yule hatalewa tena mpaka nyumba iishe? Zamu zimeonekana: nyumba moja ikikosea, zote zimekosea.

Hapo mama jirani akakohoa. Akasema zamu ziishe. Mtu yule akae nyumba moja, kwa huyu hapa, mpaka siku ya kuezeka. Akanionyesha kwa kidevu, kama anaonyesha mbuzi.

Mzee akanitazama juu mpaka chini, akasema haya. Nami, nikiwa na kosa langu, ningeanzia wapi kukataa? Nilidhani nimepewa adhabu, tena adhabu inayonifaa.

Alikuja jioni hiyohiyo na blanketi lake. Siku za mwanzo sipendi kuzikumbuka. Mwili wake ulikuwa unaidai pombe. Mikono ilitetemeka hata kikombe kikamwagika, jasho lilimtoka kwenye baridi ya mlima, na mara nyingine alizungumza na watu wasiokuwepo, akiwaomba wasimguse. Mimi nilikaa karibu naye na kitabu ambacho sikukisoma.

Lakini hatukuachwa peke yetu hata siku moja. Hilo ndilo ninaloliandikia yote haya. Asubuhi mlango unagongwa, ni loshoro kwenye kibuyu, mahindi na ndizi vilivyochanganywa na maziwa yaliyoganda. Mchana ni mwanamke mwingine, na chungu cha mshare cha moto, kimefunikwa kwa majani. Mwarusha mmoja aliyekuwa na ng'ombe upande wa magharibi wa mlima, na ambaye alikuja kwetu kubadilishana tu, aliposikia habari akawa anaacha maziwa mlangoni kila apitapo, hataki hata kukaribishwa. Mpika pombe, aliyeumia roho kuliko wote, alituletea ulezi uleule wa mbege, ila umesagwa uwe uji, na akasema mtu yule akionekana kwake atamfukuza kwa mwiko. Na wanawake waliokuwa wakipita mbele ya nyumba yangu na mitungi ya pombe kwenda kwenye misiba na harusi wakaiacha njia hiyo. Walizunguka kwa korongoni, kupanda na kushuka na mzigo kichwani, ili harufu isimfikie. Hakuna aliyewaagiza. Niligundua tu kwamba njia imekuwa kimya.

Mimi nilikula pamoja naye. Tangu mama afe nilikuwa sijala hivyo, na mkanda wangu ulianza kunibana.

Alipopata nafuu alikuwa mtu wa mzaha. Alizicheka soksi zangu. Alinifundisha kumenya ndizi bila kujitia utomvu. Nami nilimpa masomo: nilimweleza ini, damu na mishipa, kama tulivyofundishwa katika afya, na nilichora kwa mkaa ukutani. Alisikiliza vizuri sana, kichwa upande.

Siku moja alasiri kulikuwa na harusi ng'ambo ya korongo. Upepo ulileta nyimbo, na hakuna njia ya korongoni ya kuuzungusha upepo. Akaanza kutembea ndani, toka ukuta mpaka ukuta. Kisha akaja mlangoni, na mlangoni nilikuwa nimekaa mimi kwenye kigoda changu. Akasema anakwenda kunyoosha miguu. Nikaanza habari za ini.

"Ndugu yangu," akasema, "ini nimelisikia. Kwani wewe huna pa kwenda leo? Watu wote wako harusini."

Nikamwambia sina, na harusi zinanichosha.

"Hata mfereji?"

"Hata mfereji. Maji yapo."

Alisimama nyuma yangu nikisikia pumzi zake. Ili atoke ilimbidi aniruke, na kumruka mtu aliyekaa ni kumwapiza. Hilo hata mlevi halifanyi. Mwishowe akavuta gogo, akakaa. Tukasikiliza harusi ya watu mpaka ikanyamaza. Alikuwa analia, nami nikajifanya natazama kuku.

Miti iliyopasuliwa ilifidiwa na mingine. Kila mtu alileta alichoweza, mwenye fito fito, mwenye kamba za migomba kamba. Kuta zikakandikwa. Siku ya kuezeka mzee mwenyewe alipanda sale kwenye kona za kile kipande, mbele ya wazee wote, akimwita mwanawe ashike mche wakati anashindilia udongo. Mwanawe aliushika kwa mikono isiyotetemeka. Matone ya kwanza ya masika yaliwakuta watu juu ya paa wanafunga nyasi za mwisho, na hakuna aliyeshuka mpaka zikaisha. Kisha mgeni wangu alichukua blanketi lake na sufuria yake kutoka kwangu, akaingia kwake, na moshi ukatoka.

Mimi nilikuwa nimesimama chini na mama jirani, mvua ikitulowesha, moyo umenijaa. Nilitaka kumshukuru, yeye na wote, na ninadhani nilianza vizuri. Lakini shukrani yangu ikapotea njia. Nikajikuta namwambia kwamba sasa nimeelewa ni kwa nini aliletwa kwangu, kwamba elimu, ikitumiwa kwa subira, inaweza kumfikia hata mtu aliyekatiwa tamaa.

Mama yule alikuwa anakamua maji kwenye kitenge. Hakunitazama.

"Elimu gani, mwanangu? Mlevi anataka mtu asiyetoka nyumbani, na mvivu wa kutoka hapa kwetu tunaye mmoja tu."