Mkono wa Mwalimu wa Biolojia

Binti wa mwalimu wa biolojia, aliyekuwa mwanafunzi katika darasa la baba yake, alizijua dalili zote za hofu ya baba. Mwalimu akiogopa hukohoa kabla ya kila sentensi, hufuta ubao uliokwisha kufutwa, hupangusa chaki kwenye suruali mpaka paja liwe jeupe. Siku ya somo la mageuko ya viumbe, sauti yake iliyozoea kusikika hadi uwanjani ilishuka kama ya mtu anayeongea kando ya mgonjwa. Asubuhi mama alikuwa amemsihi, "Baba watoto, iruke hiyo sura. Mwenzako alifukuzwa kwa hayo hayo." Yeye akajibu tu kwamba imo kwenye mtihani.

Mwalimu alikuwa anachora bawa la popo ubaoni, mwenyekiti wa kamati ya wazazi alipoingia bila hodi.

"Mwalimu, unawaambia watoto wetu babu yao ni nyani?"

"Hapana, mzee. Nawaambia sisi na nyani tuna babu mmoja wa kale sana."

Mwenyekiti akavuta kiti, akaketi nyuma. "Haya, endelea. Nasikiliza."

Chaki ilimkatikia mkononi. Darasa zima likainamia madaftari. Binti akanyoosha kidole.

"Mwalimu," alisema, maana darasani hakumwita baba, "mifupa ya bawa la popo inafananaje na yetu?"

Baba yake akaiweka chaki mezani. Kisha akainua mkono wake, akatandaza vidole, akaanza kuonyesha mfupa mmoja mmoja. Mwenyekiti aliukodolea macho. Mwalimu hakuushusha.