Dawa Haina Matabishi

Nilimaliza shule ya uuguzi, na vita vikaingia mjini kwetu Kindu, Kongo, kabla sijapata kazi hata moja. Treni ikaacha kuja, mashua zikapungua mtoni, na mimi na sindano tukaachana. Nikauza mchele karibu na bandari miaka yote ile. Nitasema wazi kwamba niliipenda biashara hiyo na nilikuwa hodari. Wateja wangu walinirudia kwa sababu ya matabishi, yaani konzi ya bure unayomwongezea mtu juu ya kopo lililokwisha kujaa. Usipoongeza, kesho anakupita kama hakujui.

Vita vilipotulia, kituo kimoja cha afya kikanichukua kwa majaribio ya mwezi mmoja. Mkuu wake, mama mnene mwenye sauti ndogo, alinieleza mapema kwamba mwezi ukiisha ama nitabaki, ama nitarudi kwenye kopo langu. Nami sikutaka kurudi. Niliogopa mikono imesahau kudunga sindano, kumbe iliikumbuka kama inavyokumbuka kusuka nywele. Kilichoniponza ni dawa ya maji.

Alikuja mama mmoja na mtoto mwenye homa, akanitambua.

"Dada wa muchele, leo unauzisha dawa?"

Tukacheka, tukaulizana habari za soko. Nikamimina dawa kwenye kikombe kidogo mpaka kwenye mstari, vizuri kabisa, halafu mkono ukainama wenyewe ukaongeza kidogo juu. Yule mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwake ilikuwa haki yake.

Mkuu alikidaka kikombe kabla hakijafika mdomoni mwa mtoto. Akamwaga, akapima upya, akamnywesha mwenyewe, akaagana na yule mama kwa heshima zote. Kisha akanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ile ya juu njo nini?"

"Matabishi, mama," nikasema.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, taratibu mno.

"Wakati ya vita, ulikuwa unauzisha muchele kwa askari?"

"Ndiyo, mama. Wa kila upande."

"Nao ulikuwa unawapa matabishi?"

"Hata punje moja. Kopo nilikuwa ninafuta na kiganja, sawasawa."

"Basi. Muntu akiingia hapa, hata kama ni mama yako, yeye njo askari."

Ndipo akacheka, tumbo likatikisika, nami nikacheka kwa woga. Kuanzia siku hiyo nilipima dawa nikinong'ona. Shehe wa mtaani kwetu na kikohozi chake, askari. Shangazi yangu, askari. Mpaka leo wauguzi vijana ninaowafundisha wanatazamana nikiwa na kikombe mkononi, wanadhani bibi anasali.

Mwezi ulikuwa unaisha homa ilipomrudia yule mtoto. Mama yake alikaa mbele yangu, akakikodolea macho kikombe.

"Dada, ongeza kidogo. Si tunajuana?"

"Dawa haiko na matabishi, mama."

"Kazi imekufundisha choyo," akasema, akanuna kweli.

Mkuu alikuwa mlangoni. Alifungua ufunguo wa kabati ya dawa kiunoni mwake, akauweka mezani mbele yangu, akaenda zake. Nikajua nimebaki, nikafurahi mpaka macho yakajaa machozi.

Lakini yule mama alikuwa bado amenuna, na mteja aliyenilisha miaka yote ya vita sikuweza kumwacha aende hivyo. Mtoto alipokwisha kunywa dawa, nikambeba mgongoni kwa kitenge changu, nikawasindikiza juani mpaka barabara ya bandari.

"Hii njo matabishi yako," nikamwambia.

Akageuka, akaupima kwa macho mwendo tuliotembea.

"Iko kidogo," akasema. "Ongeza. Nyumbani ni pale tu."

Nikaongeza.